Kila fundi na lake: gari langu nimwachie nani?

Shikamoo Mjomba,

Naomba ushauri kabla sijatoa pesa ambayo nikishaitoa haitarudi. Nina BMW M3 ya bodi ya E46 (jina la kiwandani la kizazi hicho cha gari), toleo la 2002, gia za mkono. Nimeinunua kwa jasho langu mwenyewe na ninaipenda. Mpaka mwaka jana haikuwahi kunisumbua zaidi ya yale ya kawaida kwa gari lenye umri, leo mpira wa maji, kesho bushi.

Kwanza ulianza mlio wa nyuma. Nikiachia klachi kuondoka, nasikia kishindo kimoja kizito, kama kinatokea chini ya kiti cha nyuma. Nikiachia mafuta ghafla kinarudi tena. Baadaye ukaja mlio mwingine mbele, wa kugongagonga kwenye injini, na unasikika zaidi injini ikizunguka kama 2,000 hivi. Taa ya injini iliwaka ikazimika yenyewe.

Nikaenda kwenye gereji niliyoizoea, hao hao wanaotengeneza gari la mama. Wakabadilisha koili za plagi, mlio haukuisha. Wakabadilisha sensa ya oksijeni, kisha injini mauntini, kisha shokapu za nyuma. Kila mara naambiwa "sasa limepona", na kila mara narudi na mlio wangu. Bili zao zimeandikwa "kazi ya injini na spea", basi. Nikiulizia spea zilizotolewa naambiwa zimeshatupwa.

Nikaelekezwa kwa mwingine anayejitangaza kuwa bingwa wa magari ya Kijerumani. Alifungua boneti, akainamisha sikio kidogo, akasema beringi za koni rodi, zile za mikono ya pistoni, zimekwisha na injini haifai tena. Anajua pa kupata injini iliyotumika, nilipe nusu aiagize. Nilipomuuliza amejuaje, alimgeukia kaka yangu niliyekuwa nimefuatana naye, akamjibu yeye. Kaka yangu hajui hata oili inamiminwa wapi.

Kwa wakala wa BMW nako nilifika. Walinipokea vizuri, ila waliniambia wazi kuwa mafundi waliokuwa wakiyajua hayo magari wameshaondoka, na waliobaki wamefundishwa mapya.

Kaka anasema niuze nipumzike. Mimi sitaki kuuza, lakini nimechoka kuamini watu. Mjomba, mtu asiye fundi anamjuaje fundi wa kweli?

Mpwa wako,
Mwenye M3

*

Marahaba mpwa wangu.

Usilipe hiyo nusu. Huyo bingwa huenda kasema kweli kuhusu beringi, maana injini yako ina historia hiyo, lakini hajathibitisha chochote. Mtu anayetaka pesa ya injini nzima kwa kuinamia boneti anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Na usiliendeshe tena mpaka jambo hilo lijulikane. Kama kweli beringi zimeanza kwisha, kila kilomita unayoongeza inailia krenkshafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na krenkshafti ikishaumia, kazi iliyokuwa ya kubadilisha beringi inageuka kuwa ya kujenga injini upya. Likienda kwa fundi, lipande juu ya gari la kubeba magari.

Sasa tutenganishe milio yako, kwa sababu nimesoma barua yako mara mbili na sijaona fundi hata mmoja aliyejaribu kufanya hivyo. Umepeleka matatizo mawili na yakatibiwa kama moja.

Kishindo cha nyuma unapoachia klachi, kinachorudi ukiachia mafuta, hakitoki kwenye beringi za koni rodi. Kinaelekeza kwenye udhaifu unaojulikana sana wa bodi ya E46. Difu (inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) na miguu ya nyuma vimebebwa na fremu ndogo ambayo imefungwa kwenye sakafu ya gari sehemu nne. Bati la sakafu pale ni jembamba kuliko kazi inayopewa. Kila unapoondoka injini inaisukuma ile fremu, kila unapoachia mafuta inairudisha, na baada ya miaka bati linaanza kuchanika kuzunguka sehemu zile. M3 inaumia kuliko ndugu zake kwa sababu ina nguvu ya farasi 343 kupitia magurudumu ya nyuma peke yake. Inawezekana pia ikawa bushi za fremu au za difu zimekufa tu, na hiyo ingekuwa habari njema. Kinachonisikitisha ni kwamba umebadilishiwa shokapu za nyuma. Mtu aliyezifungua alikuwa jirani kabisa na mahali penyewe, na hakuna aliyeinua tochi.

Mlio wa mbele una washukiwa zaidi ya mmoja, na hapa ndipo unapohitaji mtu anayeijua injini yenyewe, inayoitwa S54. Ni silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, lita 3.2, na inazunguka mpaka 8,000 kwa dakika. Injini nyingi za magari ya kawaida zina valvu zinazojirekebisha zenyewe kwa oili. Hii haina. Nafasi ya kila valvu hupimwa kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi) na kurekebishwa kwa vishimu vidogo, yaani vibati vya unene tofauti, na valvu ziko 24. Zikiachwa muda mrefu hulialia. Kisha kuna VANOS, mtambo wa mbele ya injini unaosogeza taimingi ya shafti za valvu. Ndani yake kuna bolti zinazolegea, na kuna vimeno viwili vinavyoendesha pampu yake ya oili ambavyo huvunjika. Kimeno kikidondoka kwenye cheni ya taimingi ni balaa. Flaiwili nayo, lile gurudumu zito kati ya injini na klachi, ikichoka, hugonga injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), na mara nyingi mlio wake hubadilika ukikanyaga klachi. Halafu ndiyo beringi za koni rodi. Hizo zilikuwa tatizo la kweli kiasi kwamba BMW yenyewe iliendesha kampeni ya kuzibadilisha kwenye M3 za uzalishaji wa 2001 hadi 2003, na yako imo humo. Rudi kwa wakala na namba ya chesisi, uwaombe wakuangalizie kwenye rekodi kama lilifanyiwa kazi hiyo. Hata kama hawataki kulitengeneza, hilo wanaweza kukusaidia.

Washukiwa hao wanne kila mmoja ana kipimo chake, na hapo ndipo penye jibu la swali lako. Mtu asiye fundi hawezi kupima ujuzi wa fundi, lakini anaweza kabisa kupima njia aliyopitia kufika kwenye jibu. Fundi wa kuaminika hakwambii tu "ni beringi". Anakwambia "nadhani ni beringi, na nitathibitisha hivi, na nikikuta si hivyo, kinachofuata ni kile." Kulisikia jambo hilo hakuhitaji shahada.

Chukua hizo beringi kama mfano. Anayezishuku kweli atataka kwanza kulisikia gari likiwa la baridi kisha likiwa la moto, kwa sababu oili ikipata joto inakuwa nyepesi na beringi iliyokwisha huzidi kugonga. Atamwaga oili kwenye chombo safi, si kwenye debe lenye oili za magari mengine. Atatoa filta ya oili, atakunjua karatasi yake mkunjo kwa mkunjo chini ya taa, akitafuta chembe zinazong'aa. Akizikuta, atashusha sampo (bakuli la oili chini ya injini), ambayo kwenye gari lako inamlazimu kushikilia injini kwa juu na kushusha fremu ya mbele, kwa hiyo si kazi ya dakika kumi na ana haki ya kulipwa. Kisha atafungua kofia ya koni rodi moja au mbili akuoneshe beringi yenyewe kwenye kiganja. Beringi nzima ina rangi ya kijivu iliyolala sawasawa. Iliyokwisha imechubuka mpaka rangi ya shaba inatokeza. Utaiona mwenyewe, na kaka yako ataiona. Hapo ukiambiwa zibadilishwe, unajua unalipia nini. Na hapo hapo krenkshafti inakaguliwa. Ikiwa haijachimbika na vipimo vyake viko sawa, zinawekwa beringi mpya na bolti mpya za koni rodi, na injini yako inabaki yako.

Injini iliyotumika, hata ikiletwa kesho, ni ya familia hiyo hiyo yenye udhaifu huo huo, na hujui aliyekuwa nayo aliipasha moto kabla ya kuikanyaga. Unazijua zile taa ndogo kwenye saa ya mizunguko zinazozimika moja baada ya nyingine oili inapopata joto? Zimewekwa kwa ajili hiyo. Wengi hawakuzisubiri.

Sasa, wa kumtafuta ni nani na anapatikana wapi?

Neno "Mjerumani" kwenye bango halikusaidii. Kuna mafundi hodari kabisa wa BMW za silinda nne ambao hawajawahi kushika kishimu cha valvu cha S54, na wala si kosa lao. Uliza kwa jina la kazi. Usimuulize mtu "unatengeneza BMW?", muulize "mara ya mwisho kurekebisha klirensi (nafasi) ya valvu za S54 ulikuta nini?" Aliyeifanya atakuwa na la kusimulia. Atakwambia injini lazima iwe imepoa, kwa sababu ikiwa ya moto vipimo vinadanganya. Atakwambia valvu za kuingiza hewa zinatakiwa kuwa kati ya milimita 0.18 na 0.23, na za kutoa moshi kati ya 0.28 na 0.33, au atafungua kitabu chake mbele yako akusomee, na hiyo pia ni dalili nzuri. Ninamwamini anayefungua kitabu kuliko anayekariri. Atakuuliza oili unayoweka, akitegemea kusikia 10W-60, ambayo ndiyo BMW iliitaka kwa injini hii. Ambaye hajaifanya atakwambia "hizo ni kazi ndogo, lete gari."

Wamiliki wenzako ndio mlango wa kwanza. M3 za E46 zilitengenezwa zaidi ya 85,000 kati ya 2000 na 2006, kwa hiyo hauko peke yako. Lakini angalia unavyowauliza. Ukiuliza "fundi wenu mzuri?" kila mtu atamsifia wake, na wengi wanamsifia kwa kubadilishiwa oili na pedi za breki. Uliza nani kafanyiwa VANOS, nani kachomelewa sakafu, na gari limekaa muda gani tangu siku hiyo. Kisha uliza swali ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: nani gari lake lilirudi na tatizo baada ya kutengenezwa, na fundi alifanya nini? Kila fundi gari litamrudia siku moja. Wapo wanaozima simu, wapo wanaolaumu spea, na wapo wanaosema lilete nilione. Unamtafuta huyo wa mwisho.

Wauza spea pia wanajua mengi, tena hawaulizwi. Muuza spea anamjua fundi anayeleta namba ya chesisi kabla ya kuagiza, na anayekuja na spea ya zamani mkononi akitaka "inayofanana na hii". Kwenye gari lako spea hutafutwa kwa herufi na tarakimu 7 za mwisho za namba hiyo, na M3 haitumii spea zote sawa na E46 nyingine. Anayebahatisha hapo atabahatisha na kwingine. Karakana za kuchonga vichwa vya injini na krenkshafti nazo zinawajua mafundi wanaoleta kazi ikiwa imesafishwa na vipimo vimeandikwa. Na pale kwa wakala, usiishie kwenye kuambiwa mafundi wa zamani wameondoka. Muulize kwa heshima aliyekupokea: wameondoka kwenda wapi? Wengi hufungua gereji zao ndogo, bila bango kubwa, na huko ndiko ujuzi wa miaka ile ulikohamia.

Ukishapata majina mawili matatu, fika mwenyewe kabla ya kupeleka gari. Angalia yaliyomo ndani ya gereji. Gari lililofunguliwa, bolti zake zimewekwa wapi? Zikiwa kwenye vikopo au vifuko vilivyoandikwa, umekuta mtu anayekusudia kulifunga gari lile kama lilivyokuwa. Zikiwa zimemwagwa sakafuni pamoja na za gari jingine, ondoka. Muombe akuoneshe vifaa vya kufungia shafti za valvu kwenye taimingi ya S54. Anayefanya kazi hizo anavyo, au anakwambia anaviazima kwa nani. Muulize kama ana programu ya kusoma kompyuta ya BMW ya miaka ile au ana kile kimashine cha kusomea kodi za magari yote. Kimashine hicho kitakwambia silinda namba fulani imekosa kuwaka, halafu basi. Programu yenyewe inaweza kuipima VANOS ikiwa inafanya kazi. Taa yako iliyowaka ikazimika iliacha kodi ndani, na wale wa kwanza nadhani waliifuata kodi hiyo wakasahau mlio.

Na huyo asiyekujibu wewe, muache hata kama ni bingwa wa dunia. Gari ni lako, pesa ni yako. Asiyekujibu wewe leo, kesho akikuta kitu kibaya hatakupigia wewe simu. Fuatana na unayemtaka, lakini swali likitoka kwako jibu lirudi kwako. Nimeona wanawake wengi wakiambiwa nusu ya habari za magari yao wenyewe na hasira yake haijanitoka.

Uliyempenda usimpe injini siku ya kwanza. Hali yako inakubana kidogo kwa sababu ya mlio, lakini bado unaweza kumpa kazi yenye mwisho: asome kompyuta, atoe filta ya oili na kuikunjua, apime klirensi za valvu zote 24, akague sakafu ya nyuma. Hiyo ni kazi ya uchunguzi, na mkubaliane bei yake kabla, mbali na bei ya matengenezo yoyote. Ilipe yote, bila kuipunguza, hata kama mwisho wake ni kuambiwa "sikukuta kitu kwenye beringi".

Hapa nataka kusema jambo ambalo wenye magari hatupendi kulisikia. Tumezoea kutomlipa fundi kwa kufikiri. Tunalipa spea, tunalipa kufungua na kufunga, lakini mtu akitumia asubuhi nzima kutafuta chanzo cha mlio tunamwambia "si uliangalia tu?" Basi naye atakula wapi? Anajifunza kwamba riziki iko kwenye kubadilisha, na anaanza kubadilisha. Koili, sensa, mauntini, shokapu. Sidhani kama gereji yako ya mwanzo ni ya wezi. Nadhani ni watu waliozoea kulipwa kwa boksi la spea, na kwenye gari la mama yako mtindo huo mara nyingi unafika, kwa sababu gari lenyewe ni rahisi. Kwenye M3 haufiki. Ukimlipa mtu kwa kujua, unampa uhuru wa kukwambia kwamba hakuna cha kubadilisha.

Katika uchunguzi huo, dai karatasi ya valvu. Fundi anayeifanya kazi vizuri huchora safu mbili, za kuingiza na za kutoa, silinda ya 1 mpaka ya 6, na kila kisanduku anaandika kipimo alichokikuta. Pembeni anaandika kishimu alichotoa na alichoweka, na kipimo kipya. Karatasi hiyo mara nyingi ina alama za vidole vyenye oili, na hairembwi. Ukiletewa karatasi ambayo vipimo vyote 24 vinafanana mpaka tarakimu ya mwisho, uliza maswali, kwa maana injini ya 2002 haivai kwa usawa namna hiyo. Itunze. Mara ijayo fundi, awe huyo au mwingine, ataona valvu ipi inasogea haraka.

Sakafu ya nyuma ina mambo yake. Nyufa nyingine huonekana kutoka chini kwa tochi, nyingine zimejificha juu ya fremu mpaka ishushwe, na nyingine hujitokeza ndani ya buti ukiinua zulia, pale alama za kuchomelea za kiwandani zilipoachia. Kwa hiyo ukiambiwa "nimechungulia, pazima", uliza kama fremu ilishushwa. Ikikutwa imechanika, kazi ya kuchomelea si ya fundi injini. Ni ya fundi bodi anayejua bati jembamba, na lazima aonekane anafikiria tangi la mafuta lililo jirani na namna ya kuzuia kutu akimaliza, kwa sababu bati lililochomelewa likaachwa wazi litaoza kwa ndani. Nyufa hushonwa kwanza, kisha huwekwa mabamba ya kuimarisha. Anayetaka kubandika bamba juu ya ufa bila kuushona, mkatalie.

Unaona basi kwamba unaweza kuhitaji watu wawili, hata watatu. Gari la namna hii likizeeka mara nyingi halina fundi mmoja. Lina mmoja mwaminifu unayemwachia ufunguo, na yeye anajua kazi ipi ampelekee nani. Fundi anayesema "hili si langu, lipeleke kwa fulani" mshike. Na gereji yako ya jirani usiigombeze wala usiihame kwa kila kitu. Matairi, betri, pedi za breki, waendelee nayo. Waambie tu kuanzia sasa bili iandike kila spea kwa jina lake na ile iliyotolewa irudi kwako kwenye boksi la mpya.

Na wewe nawe una ya kutimiza. Usimpelekee fundi spea ulizonunua mwenyewe kwa bei ya kutupa halafu umdai dhamana. Mkubaliane mapema ipi itakuwa ya BMW yenyewe, ipi ya kiwanda kinachoitengenezea BMW, na ipi inaweza kuwa iliyotumika. Akiomba malipo ya awali ya kuagizia spea, mpe, lakini dhidi ya ankara yenye orodha na namba ya chesisi yako. Na akikwambia foleni yake ni ndefu, subiri. Gari lenye umri wa miaka zaidi ya 20 linakata bolti, linaficha kutu, na ukifungua kimoja unakutana na kingine. Atakayekupigia simu akakwambia "nimefungua nimekuta hiki, nakutumia picha, sijagusa mpaka useme" anastahili uvumilivu wako wote.

Kuhusu kuuza, kaka yako anakuonea huruma, namuelewa. Lakini ukiliuza leo, unaliuza likiwa na milio miwili isiyojulikana, na mnunuzi atakukata bei kana kwamba yote mawili ni mabaya kuliko yote. Uchunguzi huo huo unaokusaidia kulitengeneza ndio utakaokusaidia kuliuza, ukifika huko. Ukikuta ni bushi za nyuma na klirensi za valvu, umepona kwa kazi ya kawaida. Ukikuta sakafu imechanika kidogo na beringi zinahitaji kubadilishwa lakini krenkshafti ni nzima, ni pesa ya maana, ila unabaki na gari ambalo magonjwa yake makubwa yameshatibiwa na una karatasi za kuthibitisha. Ukikuta krenkshafti imekufa na sakafu imeachia kote kote, hapo ndipo mkae na kaka yako mzungumze, tena kwa vipimo, siyo kwa uchovu.

Kwa hiyo wiki hii mpigie yule bingwa, mwambie kwa adabu kwamba huagizi injini. Hudaiwi maelezo zaidi. Kisha wakala kwa ajili ya rekodi, kisha wauza spea na wamiliki kwa ajili ya majina. Ukishapata ile karatasi ya valvu na picha ya filta iliyokunjuliwa, nitumie vyote viwili pamoja na vile fundi alivyokueleza, kwa maneno yake mwenyewe, nami nitakwambia ninavyoviona.

Mjomba wako